Sura ya Saba: Barua Kutoka Angani

Msafiri atokaye pwani kwa gari moshi, akiisha kuiacha Konza nyuma yake, hutokea katika uwanda mpana usio na kificho, ambao upande mmoja umekingwa na vilima vya Lukenya, na upande mwingine jicho huchoka kabla ya kuufikia ukingo wake. Na katika uwanda huo, pale reli inapokutana na mto ambao utabadili jina njiani uwe Galana, kisha Sabaki, hata uingie baharini karibu na Malindi, ndipo ulipo mji wa Athi River. Siku hizi mji huu umepata sifa kwa saruji yake, kwa machinjio makubwa ya KMC yaliyoasisiwa mwaka 1950, na kwa viwanda vya EPZ vishonavyo nguo za kupelekwa ng'ambo, ambavyo kila alfajiri huwapokea vijana kwa makundi na kila magharibi huwarudisha makwao wamechoka. Vijana hao wainuapo macho kuzitazama ndege zinazopanda na kushuka katika kiwanja cha Embakasi, ni wachache mno miongoni mwao wadhaniao kuwa anga hili lililo juu ya vichwa vyao liliwahi kuwa meza ya mwandishi.

Mwandishi huyo ni Beryl Markham. Alizaliwa Uingereza tarehe 26 Oktoba 1902, akaletwa Kenya akiwa na umri wa miaka kama minne, akapitishwa katika uwanda huu kwa reli ile ile, zama ambazo punda milia na nyumbu walikuwa wengi kandokando ya njia kuliko watu. Baba yake, Charles Clutterbuck, alikuwa mfuga farasi aliyejipatia shamba Njoro. Mama yake hakuistahimili nchi. Alirejea kwao, na binti akabaki na baba ambaye aghalabu alishughulika na farasi wake, na kinu chake, na mashamba yake, hata malezi ya mtoto yakaangukia mikononi mwa watu waliofanya kazi pale. Watu hao wengi wao walikuwa Wanandi na Wakipsigis. Wao walimwita Lakwet, neno ambalo katika lugha yao maana yake ni mtoto. Walimfundisha kutupa mkuki, kutembea peku, kunyamaza porini, na kumfuata ngiri katika nyasi ndefu bila ya kutanguliza woga mbele ya akili. Alikua akisema Kinandi na Kiswahili pamoja na Kiingereza, na rafiki yake wa utotoni alikuwa Kibii, mwana wa arap Maina, mmoja wa watu hao. Kibii alipokwisha kutahiriwa na kuingia utu uzima aliitwa arap Ruta.

Haifai kuisimulia habari hii kana kwamba shamba lile lilikuwa halina mwenyewe kabla ya Clutterbuck. Njoro imo katika Bonde la Ufa, ambamo Wamaasai waliondolewa kwa mkataba wa mwaka 1904, na watu waliomlea Beryl walikuwa vibarua katika nchi ambayo baba zao hawakumwomba mtu ruhusa ya kuikanyaga. Yeye mwenyewe, katika kitabu nitakachokitaja, aliandika juu ya watu hao kwa mahaba na taadhima ambayo haikuwa ada ya walowezi wa zama zake. Lakini mahaba hayo hayaifuti dhuluma iliyotangulia.

Ukame ulipomfilisi baba yake, naye akaihama nchi kwenda Peru, Beryl alikuwa bado kijana sana, na tayari ameolewa katika ndoa ya kwanza ambayo haikudumu. Alikataa kufuatana naye. Alitwaa leseni ya kufundisha farasi wa mashindano akiwa na umri wa miaka kama kumi na minane, na hapakuwa na mwanamke aliyemtangulia Kenya katika kazi hiyo. Juu ya ndoa zake tatu na juu ya wakubwa waliompenda yamekwisha kuandikwa mengi kupita kiasi, na mimi sina haja ya kuyarudia, kwa sababu hayaelezi hata jambo moja katika yale yaliyomfanya astahili sura katika kitabu hiki.

Neno letu rubani ni kongwe kuliko ndege. Wazee wa pwani walimwita rubani mtu yule aliyeyajua maji, akaijua miamba iliyojificha chini yake na mikondo isiyoonekana, akakiongoza chombo cha mgeni mpaka bandarini kwa salama. Na eropleni zilipokuja, wasemaji wa Kiswahili hawakuona shida ya kulihamisha neno hilo kutoka majini hadi hewani. Naona walifanya jambo la hekima, maana rubani wa Kenya wa miaka ya 1930 hakuwa na redio ya kumwongoza, na ramani aliyopewa ilikuwa na sehemu kubwa ambazo hazijapimwa; ilimpasa aijue nchi kama rubani wa bahari aijuavyo fungu la mchanga, kwa mazoea na kwa kumbukumbu. Beryl alianza kujifunza kazi hiyo mwaka 1931 kwa Tom Campbell Black, rubani wa Wilson Airways, kampuni iliyoasisiwa Nairobi mwaka 1929 na Bibi Florence Kerr Wilson, ambaye jina lake lingali juu ya kiwanja cha ndege cha Wilson hata leo. Kiwanja hicho kimo ukingoni mwa uwanda huu wa Athi, na katika siku zile ilikuwa lazima wanyama wafukuzwe kwanza katika njia yake ndipo ndege iruke. Mwaka 1932 aliruka peke yake mpaka Uingereza, na mwaka 1933 alipata leseni ya kurusha ndege kwa ujira, mwanamke wa kwanza Kenya kuipata. Ndege yake ilikuwa Avro Avian ndogo, ya injini moja, yenye alama ya VP-KAN ubavuni, na aliitumia kuchukua barua, na dawa, na abiria, na kila mzigo ambao mwenyewe hakuweza kungoja.

Katika kazi zote alizofanya hewani, moja naiona kuwa ndiyo iliyomwandaa kwa kalamu, nayo ilikuwa kuwatafuta tembo. Wawindaji matajiri waliokuja kutoka Ulaya na Marekani, wakiongozwa na Bror Blixen, walipiga kambi katika nyika ya Ukambani iliyo baina ya Makindu na Voi, mahali ambapo miiba imesongamana kiasi kwamba mtu huweza kupita hatua chache tu kutoka kwa kundi zima la tembo asilione. Beryl aliruka asubuhi, akazunguka juu ya kichaka hicho saa nyingi akiyachunguza mabadiliko madogo ya rangi na ya kivuli, na alipowaona tembo aliuweka mkono mmoja juu ya usukani, akaandika kwa mkono wa pili juu ya karatasi iliyo gotini: kundi lina ukubwa gani, dume lipo au halipo, pembe zake zakadiriwa kuwa na uzito gani, lipo upande gani wa kambi na kwa umbali gani, na linakwenda wapi. Kisha akaitia karatasi katika kifuko chenye mkia mrefu wa hariri ya rangi ya buluu na dhahabu, ili kionekane kinapoanguka, akakitupa juu ya kambi. Huko chini kilipokelewa, kikasomwa, na habari ikafika kwa Makula, Mkamba hodari wa kusoma nyayo, ambaye ndiye aliyeifasiri kwa miguu ile barua iliyoandikwa kwa macho.

Naomba msomaji azingatie barua hizo. Aliyeziandika hakuwa na nafasi ya pambo wala ya neno la ziada. Injini ilikuwa inanguruma, karatasi ilikuwa ndogo, na mafuta yalikuwa yakipungua. Kama angeandika maili kumi pahali pa ishirini, watu wangeingia katika nchi isiyo na maji wakiwa na viriba vya siku moja. Kama angesema kundi linakwenda kusini hali linakwenda mashariki, jasho la kambi nzima lingekuwa bure. Mwandishi wa habari hufundishwa kwa miaka katika ofisi ya gazeti kwamba aseme nani, wapi, lini, kiasi gani. Beryl alifundishwa hayo na nyika ya Ukambani, na adhabu ya kosa haikuwa karipio la mhariri. Wala hakuwa kipofu juu ya maana ya kazi ile, kwa kuwa alipokuja kuiandika alikiri kwamba kumuua tembo ni jambo la upuuzi usio na kiasi, kama mtu kujitia kuujengea mto mkubwa boma la kuuzuia.

Ndiyo maana mimi sikushangaa, nilipokifungua kitabu chake kwa mara ya kwanza, kuona kwamba hakikuanza kwa utangulizi wa mbwembwe bali kwa safari moja kama ilivyoandikwa katika daftari la rubani: ni Juni mwaka 1935, ndege ni Avro Avian, safari ni kutoka Nairobi mpaka Nungwe, na muda ni saa 3 na dakika 40. Nungwe hiyo siyo ile ya Unguja ambayo wasomaji wa pwani wataikumbuka upesi, bali ni ghuba iliyo kusini mwa Ziwa Viktoria, ambako wachimba dhahabu walikuwa na kambi yao, na mmoja wao alikuwa akikata roho kwa maradhi ya mapafu. Beryl aliruka usiku na chupa ya hewa ya oksijeni, akatua penye taa za mafuta zilizopangwa chini, na kutokana na mstari ule mmoja wa daftari akachomoa sura nzima ya upweke, na giza, na hofu ya wagonjwa, na rubani mwenziwe aliyepotea Serengeti ambaye ilimpasa pia kumtafuta. Huu ndio ufundi wake: ukweli uliokauka kama hesabu huwekwa kwanza, na hisia huja nyuma yake zikiwa zimekwisha kupata haki ya kuja.

Mauti hayakuwa mbali na watu wa kazi hiyo. Tarehe 14 Mei 1931 Denys Finch Hatton, ambaye alikuwa amemwalika Beryl aruke pamoja naye, alianguka na ndege yake pale Voi mara baada ya kupaa, akafa pamoja na mtumishi wake, Kamau. Beryl hakuwamo kwa sababu Campbell Black alimsihi asiende. Vitabu na sinema zimemlilia Finch Hatton kwa miongo mingi. Juu ya Kamau zimesema maneno machache mno, na kwa hiyo nalitaja jina lake hapa kwa makusudi.

Sasa na tuifikie safari iliyompa jina duniani. Mabaharia wetu hujua tofauti ya upepo wa tezi, unaokisukuma chombo kutoka nyuma, na upepo wa omo, unaokikabili usoni. Na hujua taabu ya kwenda mbisho, mtu akikata huku na huku ili aibe masafa kidogo kutoka kwa upepo usiotaka kumpa kitu. Bahari ya Atlantiki, katika majira mengi, upepo wake huvuma kutoka Marekani kwenda Ulaya. Amelia Earhart aliivuka peke yake mwaka 1932 akiwa na upepo huo mgongoni, na ushujaa wake ulikuwa mkubwa. Lakini kuivuka kutoka Uingereza kwenda magharibi, mwanamke peke yake, upepo ukiwa wa omo na usiku ukiwa mbele kwa mbele kwa sababu rubani analifukuza jua lenyewe, hapakuwa na aliyekwisha kufanya. Ndege aliyoazimwa ilikuwa Vega Gull ya John Carberry, mlowezi wa Nyeri, nayo ilikuwa na alama ya VP-KCC. Herufi hizo ziandikwe vizuri katika kumbukumbu ya msomaji, kwa kuwa maana yake ni kwamba eropleni iliyovuka Atlantiki katika usiku ule ilikuwa imeandikishwa Kenya.

Aliruka kutoka Abingdon jioni ya tarehe 4 Septemba 1936. Matangi ya mafuta yalijaa ndani ya ndege mpaka pembeni mwa kiti chake, redio hapakuwa, na matangi hayo hayakuwa na kipimo; ilimpasa alingoje tangi moja liishe kabisa, injini izime juu ya bahari katika giza, ndipo apapase kwa mkono afungue tangi la pili na kungoja kama injini itarejea au haitarejea. Yeyote aliyewahi kungoja katika kiza jibu la jambo ambalo hana tena uwezo nalo atafahamu sekunde hizo zilikuwa na urefu gani. Alipokwisha kuiona nchi kavu, barafu ikaziba njia ya hewa ya tangi la mwisho, mafuta yakakataa kuja, na ndege ikashuka kwa pua katika kinamasi cha Baleine, kisiwa cha Cape Breton, Kanada. Kwa hesabu yake mwenyewe alikuwa amekaa hewani saa 21 na dakika 25. Alitoka na jeraha la kipaji, akalalamika kuwa hakufika New York, na dunia ikampongeza kwa jambo ambalo yeye aliliona limepungua. Siku kumi na tano baada ya kupaa kwake, tarehe 19 Septemba, Tom Campbell Black, mwalimu wake, aliuawa katika kiwanja cha Liverpool ndege nyingine ilipoigonga yake chini ardhini. Na ile VP-KCC, kwa masimulizi ya Beryl, iliuzwa baadaye kwa tajiri mmoja, ikaachwa Dar es Salaam ikaliwa na kutu.

Kitabu chake, West with the Night, kilitolewa Marekani mwaka 1942. Dunia ilikuwa imewaka moto, na wasomaji waliotaka habari za ndege walitaka za ndege za vita. Kilisifiwa na wachache, kikasahauliwa na wengi. Miaka iliyofuata aliandika hadithi fupi, nyingine za farasi, nyingine za marubani, katika majarida makubwa ya Marekani kama Ladies' Home Journal na Saturday Evening Post, na nane katika hizo zilikusanywa katika kitabu kimoja mwaka 1987. Baada ya vita alirejea Kenya, akaiacha kalamu, akarudi kwa farasi, na farasi wake wakashinda Derby ya Kenya mara kadhaa. Yamkini angefariki akijulikana kwa farasi tu, lau si barua moja ya mwaka 1942 ambayo Ernest Hemingway alimwandikia mhariri wake, Maxwell Perkins, akikiri kwamba mwanamke huyu amemshinda kwa uandishi hata ameona haya kujiita mwandishi, ingawa katika barua hiyo hiyo hakuisifu tabia yake. George Gutekunst, mwenye mkahawa huko California, aliisoma barua hiyo ilipokwisha kuchapishwa, akakitafuta kitabu, akakipenda, akawashawishi wachapishaji wa North Point Press wakichape upya mwaka 1983. Beryl alikuwa mkongwe, akiishi katika nyumba ndogo kwenye kiwanja cha mbio za farasi cha Ngong, na fedha za kitabu zilimfaa katika siku zake za mwisho. Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986.

Akiisha kufa, ukazuka utesi. Walitokea watu waliodai kwamba kitabu hakikuandikwa na yeye bali na Raoul Schumacher, mwandishi wa Kimarekani aliyekuwa mume wake wa tatu. Hoja zao mbili zafaa kusikilizwa kwa insafu: kwanza, kwamba mtu aliyesoma shule kidogo namna ile asingeweza kuandika kwa ufasaha namna ile, pili, kwamba baada ya kuachana na Schumacher hakutoa kitabu kingine. Mary Lovell, aliyeandika wasifu wake baada ya kuzungumza naye sana, alijibu kwa burhani kwamba sura za mwanzo zilikuwa zimekwisha kumfikia mchapishaji kabla ya Beryl kukutana na Schumacher. Mwandishi mwingine wa wasifu, Errol Trzebinski, alishika upande wa pili. Beryl mwenyewe alimshukuru Schumacher ndani ya kitabu kwa kumtia moyo na kumsaidia kukiandaa, wala hakulificha jambo hilo.

Hukumu yangu ni hii. Hoja ya shule naikataa moja kwa moja, na naikataa kwa ghera ya mtu wa nchi hii, kwa sababu wasemao hivyo hudhani kwamba mtoto aliyelelewa na arap Maina hakulelewa na mwalimu. Lugha aliyoisikia utotoni ilikuwa lugha ya watu wanenao kwa mithali na kwa hekaya, ambao jioni baada ya kuwinda hawakuambiana tu kwamba mnyama ameuawa, bali waliieleza safari yote kwa mpango, jinsi upepo ulivyokuwa, na mbwa alivyosita, na mkuki ulivyoingia. Mtoto aliyekaa katika baraza hiyo miaka kumi amesoma insha nyingi kuliko mwanafunzi wa chuo. Kuhusu hoja ya pili, nakubali kwamba Schumacher alisaidia, na huenda alisaidia sana katika kupiga msasa. Lakini yule ajuaye uzito wa pembe kwa kutazama kutoka hewani, na sauti ya injini inapokufa, na namna tembo anavyoufanya ukoo wake ukuta mbele ya dume mkubwa, hakuyapata kwa mume. Kitabu ni cha Beryl Markham.

Limebaki deni moja, nalo silo la wazungu kulilipa. Arap Ruta alikuwa pamoja na Beryl katika mazizi ya farasi, akawa pamoja naye kiwanjani, akaifuta ile Avian vumbi, akaingoja irudi siku ambazo haikuwa na hakika ya kurudi, na yote tuyajuayo juu yake tumeyapata kwa kalamu ya mwajiri wake. Makula hali kadhalika. Hali kadhalika wale waliofyeka vichaka kwa panga ili ndege ipate pa kutua katika nyika ya Ukambani, na wale wafungwa wa zama za Hali ya Hatari waliokichimba kiwanja cha Embakasi, kilichofunguliwa mwaka 1958, ambacho kishindo chake husikika mpaka hapa Athi River usiku na mchana. Watoto na wajukuu wao wapo, wengine katika mji huu, na kumbukumbu ya wazee haingoji. Ewe msomaji, kama ukooni mwako yuko mzee aliyesikia kwa babaye habari za ndege za kwanza, au za kiwanja, au za tembo waliotafutwa kutoka angani, keti naye wiki hii, umsikilize mpaka amalize, na uandike jina lake, na kijiji chake, na tarehe, kama rubani ajazavyo daftari lake kabla ya kushuka.